Springi Sitatuma Mpaka Tuongee Kuhusu Tairi

Najua nimekuwa kimya, mtanisamehe. Shifti za usiku zimenibana, mvua haikatiki, na maboksi ya kazini sasa nayasikia mgongoni hata nikiwa nimelala. Lakini leo sikuja kulalamikia hali ya hewa. Leo nimekuja kujibu kesi.

Kesi yenyewe wengi wenu mnaijua, maana imejadiliwa kwenye kundi letu la familia la WhatsApp mpaka simu yangu ikazima. Kwa ambao hammo humo: mdogo wetu wa mwisho amenunua Toyota Altezza. Hongera zake nyingi, kaihangaikia mwenyewe, hakuomba senti ya mtu. Sasa anataka nimnunulie huku springi fupi za kushushia gari, lishuke sentimita 5, nimpe jamaa mmoja anayekuja Dar mwezi wa kumi na mbili. Mimi nikajibu neno moja tu: hapana.

Lahaula! Nimeitwa bahili. Nimeambiwa Ulaya imenibadilisha. Mjomba akatuma sauti ya dakika nne kunikumbusha nani alinilipia nauli ya basi siku naenda kuchukua pasi. Na mwisho akanipigia Mama mwenyewe: "Mwanangu, mtumie mdogo wako hivyo vyuma vyake, usimnyime mtoto." Kwa Mama sikuweza kusema hapana. Nikasema, "Nimekusikia Mama, nitaangalia." Basi ndiyo naangalia, na naangalia mbele yenu wote ili isije ikasemwa nilificha kitu.

Msimamo wangu ni huu. Kushusha gari si dhambi. Kosa ni kushusha gari halafu usipime alaimenti, ukaendelea kulitembeza kana kwamba umebadilisha redio tu. Gari la namna hiyo linakula tairi, na linazila kwa ndani, mahali ambapo mwenye gari haoni. Siku tairi likipasuka haliulizi nani alitaka gari lipendeze. Linamkuta yeyote aliyekaa humo. Na kila Alhamisi aliyekaa humo ni Mama, anapelekwa kliniki Muhimbili, na Shangazi kakaa nyuma na mkoba wa dawa.

Sasa najua mtakachosema. "Mbona wewe uliishusha Golf yako? Picha si tuliiona hapa hapa kwenye blogu?" Ni kweli. Mwezi Oktoba 2022 niliweka picha ya Golf yangu ya mwaka 2007, imelala chini, rimu zinang'aa, nami nimeegemea mlango kama mtoto wa waziri. Mlinipongeza sana. Mdogo wangu aliichukua ile picha akaiweka kwenye simu yake, na najua hamu ya springi ilianzia pale. Lakini kilichofuata baada ya ile picha sikuwahi kuwaambia. Leo nawaambia.

Springi zile nilizinunua pauni 160. Gereji walitaka pauni 180 kuzifunga, nikaona huo ni wizi. Nikamwita rafiki yangu mmoja, Mtanzania mwenzangu, mtu wa spana, tukazifunga wenyewe Jumamosi moja nje ya nyumba, jeki mbili na chupa ya chai. Kazi ilikwenda vizuri, tukajipongeza. Ila huko nyuma tulilegeza boliti ambazo kazi yake ni kurekebishia mwelekeo wa magurudumu, na hatukuweka hata alama ya chaki kujua zilikuwa zimekaa wapi. Tukazikaza kwa macho. Rafiki yangu akasema, "Sasa kapime alaimenti." Bei ilikuwa pauni 70. Nikasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na bili ya gesi. Nikasema mwezi ujao...

Dalili zilikuwepo. Nikienda moja kwa moja, usukani ulikuwa umepinda kidogo kushoto. Nikauzoea. Kulikuwa na mlio wa chini chini kutoka nyuma, kama nyuki ndani ya debe. Nikaongeza sauti ya redio. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa nakagua matairi, nachutama pembeni, naona kashata (yale meno ya tairi) bado zina kina kizuri, najiambia mambo safi. Nilikuwa naangalia upande wa nje tu.

Januari 2023 tulikwenda msibani mashariki mwa London, mimi, mke wangu na binti yetu aliyekuwa na miaka 6. Tukaondoka usiku, mvua kubwa, tukaingia barabara kuu ya M4 kurudi Reading. Sikuwa na haraka, nilikuwa chini ya mwendo wa sheria, ambao ni kilomita kama 112 kwa saa. Nikahama njia kumpisha mwenye haraka. Pale katikati palikuwa na maji yametuama. Ghafla sehemu ya nyuma ya gari ikaondoka. Sina neno jingine. Mbele kulikuwa kunanitii, nyuma kulikuwa kunakwenda kwake. Nikaona taa za lori kwenye kioo cha pembeni, mahali ambapo hazikupaswa kuonekana. Sikukanyaga breki, na hilo si kwa ujuzi bali kwa sababu mguu uliganda. Gari likayumba kushoto, likayumba kulia, halafu likashika tena. Binti yangu akauliza, "Baba, tumefika?"

Nikatoka kwenye kituo cha mapumziko cha kwanza, mikono inatetemeka. Nikazunguka gari na tochi ya simu, sikuona kitu. Nikapiga simu ya bredauni. Akaja mzee mmoja wa Kizungu, mpole, akalala chini kwenye maji, akamulika nyuma ya gurudumu la kushoto. Akaniita nilale naye nichungulie. Upande wa nje wa tairi kashata zilikuwa milimita 5. Upande wa ndani, ukanda wa upana wa vidole viwili, hakukuwa na mpira. Zilikuwa waya, zinang'aa kama rimu zangu kwenye picha. La kulia nalo lilikuwa njiani kufika huko. Matairi hayo yalikuwa mapya mwezi Oktoba, na hayakuwa yamefikisha hata kilomita 9,000.

Mzee yule hakunigombeza. Alimwangalia binti yangu aliyelala kwenye kiti cha nyuma, akaniangalia mimi, akafunga gari kwenye mnyororo. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Hesabu yake sikilizeni. Matairi mawili pauni 170. Bredauni pauni 140. Jumla 310, kwa sababu ya kukwepa 70. Na hapo bado nikaenda kulipa ile 70. Tena polisi wangenikamata kabla, sheria ya hapa ni faini mpaka pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, kwa kila tairi bovu. Na tungegonga mtu? Bima sikuwa nimeiambia kwamba gari nimelishusha, ingawa mabadiliko kama hayo lazima uyaseme. Wangeweza kukataa kulipa. Yote hayo sikuyaandika hapa. Picha mliiona, waya hamkuziona.

Sasa niwaeleze kwa nini inatokea, maana nilipopelekwa kwenye mashine nilimganda yule fundi kwa maswali mpaka akaniletea kiti. Mnayakumbuka makubadhi ya marehemu Baba? Kila jozi ilikuwa inaisha kisigino upande wa nje, upande wa ndani kama mpya. Baba akawa anamlaumu fundi viatu pale Tabata kwamba anatumia ngozi mbovu. Siku moja yule fundi akamwambia, "Mzee, si viatu hivi, ni mwendo wako." Baba alinuna wiki nzima. Lakini fundi alikuwa na haki, na gari ni vile vile.

Gurudumu lina namna mbili za kukaa ambazo zinahusika na tairi kuisha. Ya kwanza mafundi wanaiita kemba. Ni kule kulala kwa gurudumu ukilitazama kutoka mbele ya gari: juu limeinamia ndani au limeinamia nje. Magari mengi ukiyashusha, magurudumu yanainama juu kwa ndani, kwa sababu ile mikono inayoyashika inabadilisha pembe. Altezza ina mikono ya juu na ya chini kwenye magurudumu yote manne, na magari ya namna hiyo yakishuka yanainama hivyo. Kwa tairi lenye kimo cha sentimita 60, kuinama digrii 2 maana yake juu limeingia ndani kama sentimita 2. Hilo unaliona kwa macho, na vijana wanalipenda, linaonekana kama gari la mashindano. Kweli magari ya mashindano yanainamishwa makusudi ili yashike vizuri kwenye kona. Lakini wao matairi wanabadilisha wakati wowote wanapotaka. Sisi tunataka tairi likae miaka.

Ya pili wanaiita too. Hii ni kama miguu ya mtu ukimwangalia kutoka juu: vidole vimeelekea ndani, vimeelekea nje, au vimenyooka mbele. Gari likishuka, fimbo zinazovuta magurudumu nazo zinabadilisha pembe, na vidole vinageuka bila wewe kugusa chochote. Too haionekani kwa macho. Makosa yake ni madogo mno, lakini ndiyo mlaji mkubwa. Chukua gurudumu lililokosea robo digrii tu. Gari linakwenda mbele, gurudumu linataka kwenda pembeni, linaburuzwa. Kwa hesabu ya kawaida, kila kilomita moja mpira unasuguliwa kando zaidi ya mita 4. Safari ya kilomita 10 kwenda hospitali ni zaidi ya mita 40 za kusugua tairi kwenye lami kama karoti kwenye mbuzi ya chuma. Na kurudi nyingine 40.

Sasa ziunganishe hizo mbili. Kemba inalilaza tairi lisimamie upande wa ndani. Too inalisugua. Peke yake, kemba ya kiasi inakula tairi polepole, mtu anaweza kuishi nayo. Kinachofanya waya zitoke ndani ya miezi mitatu, kama zilivyotoka kwangu, ni vidole vilivyogeuka juu ya tairi lililolala. Karatasi iliyotoka kwenye ile mashine ilionyesha kemba yangu ya nyuma imepita digrii 2, na gurudumu la kushoto limegeuza vidole nje kwa sababu ya zile boliti tulizokaza kwa macho. Fundi akazirudisha kwa spana mbili, dakika arobaini, usukani ukanyooka. Gari bado liko chini. Springi ni zile zile. Na matairi niliyofunga siku ile yaliisha kwa miaka, yakaisha sawasawa pande zote.

Ndiyo maana nasema lawama tunaitupa pasipo. Watu wanasema "springi fupi zinakula tairi". Springi hazili kitu. Kinachokula ni ule mwendo ambao hukuurekebisha baada ya kubadilisha springi. Fundi viatu wa Tabata alishasema.

Kuna hoja nimezisikia kwenye kundi, nisizirukie.

Kuna aliyesema barabara za nyumbani ni mbovu, tairi litaisha tu, alaimenti ya nini? Ndugu yangu, hiyo ndiyo sababu ya kupima mara nyingi zaidi, siyo ya kuacha. Shimo moja au tuta moja la kushtukiza linaweza kugeuza vidole kwa kiasi ambacho gari la hapa kwangu halikigeuzi kwa mwaka. Na gari lililoshushwa lina nafasi ndogo ya kunepa. Mpakie Mama, Shangazi, na gunia la mchele kwenye buti, gari linashuka tena, magurudumu yanazidi kuinama. Sentimita 5 hizo kwa matuta ya Dar, mimi nasema ni nyingi. Pia gari likishuka sana, boliti za kiwandani zinafika mwisho na kemba hairudi kwenye kipimo mpaka ununue mikono mingine ya kurekebishika. Sentimita 2 na nusu au 3 zinatosha kupendeza.

Kuna aliyesema fundi wetu wa mtaani anapima kwa kamba, hizo kompyuta ni mbwembwe za Wazungu. Hapa nitawashangaza: sina neno na kamba. Kamba iliyofungwa kwa usawa pande zote mbili za gari, na rula nzuri, inapima too vizuri, na timu za mashindano hadi leo zinatumia kamba. Ninachogombana nacho ni fundi anayefumba jicho moja, akapiga teke tairi, akasema "iko sawa, bosi". Kama ni kamba, aifunge, apime mbele na nyuma, aandike namba. Namba ndiyo ninayoitaka, itoke kwenye kompyuta au kwenye daftari la mia mbili.

Kuna aliyesema kama kaka hatumi springi, zile za kiwandani zitakatwa kwa grainda Gerezani, au zitapashwa moto kwa gesi zikae. Mdogo wangu, kwa hili nakuomba kama nakuomba nikiwa hai. Springi ni chuma kilichopikwa kwa kipimo. Ukikipasha moto unaua ile nguvu yake ya kurudi, na huwezi kujua kitakatika lini. Ukikikata kinakuwa kigumu zaidi na mwisho wake haukai tena vizuri kwenye kikombe, gari likiruka kwenye tuta springi inaweza kuhama. Heri springi nitakazotuma mimi kuliko hizo. Umeona? Nimeanza kulegea.

Na kuna hoja moja ya mdogo wangu mwenyewe ambayo imenichoma. Aliniandikia pembeni, siyo kwenye kundi: "Kaka, wewe ukifanya ni maisha, mimi nikitaka ni ujinga." Nimeikalia hiyo siku tatu. Yuko sahihi. Nilipomkatalia sikumpa sababu hata moja. Nilimkatalia kama mtu aliyefika Ulaya anavyomkatalia aliyebaki nyumbani, nikidhani neno langu tu linatosha. Na sababu sikuitoa kwa kuwa kuitoa kulimaanisha kukiri kwamba picha ile ilikuwa nusu ya habari. Sisi tuliopo huku tuna ugonjwa huo. Tunawatumia upande wa nje wa tairi. Halafu mkitaka kuwa kama sisi, tunawashangaa.

Kwa hiyo mdogo wangu, na Mama ukisomewa hii, na Mjomba, huu ndio uamuzi wangu.

Jamaa anayekuja mwezi wa kumi na mbili nimempa kifurushi kidogo. Ndani hamna springi. Kuna kipimo cha kina cha kashata, kijiti kidogo kama kalamu. Tairi jipya la gari dogo lina kama milimita 8. Sheria ya hapa ni lisipungue milimita 1.6, tena wanapima zile robo tatu za katikati tu, kwa hiyo tairi linaweza kufaulu katikati huku kingo ya ndani inakwisha. Usipime katikati peke yake. Pima mahali patatu: ndani, katikati, nje, matairi yote manne, uandike. Ya mbele kata usukani mpaka mwisho utaona ndani. Ya nyuma ingiza simu chini ya gari, piga picha kwa mwanga. Kisha pitisha kiganja polepole kukatiza tairi, kwenda na kurudi. Ukisikia kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, vidole vimegeuka. (Angalia kwanza kama hakuna waya, zitakuchana.) Kama limeisha katikati tu, upepo ulizidi. Kama limeisha kingo zote mbili, upepo ulipungua. Kama limeisha ndani peke yake, unajua sasa.

Pamoja na kipimo nimekutumia hela ya kupima alaimenti magurudumu yote manne, sasa hivi, kabla ya kushusha chochote. Gari ni la mtumba, hujui aliyekuwa nalo Japani alilifanya nini, wala lilishuka vipi bandarini. Nitumie picha ya ile karatasi, au ya daftari la fundi wa kamba. Namba zikiwa sawa, springi nitazinunua mimi, za sentimita 3, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, maana shokapu za kiwandani kwenye springi fupi hazidumu. Watakaozifunga waweke alama kwenye kila boliti ya kurekebishia kabla ya kuilegeza. Boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake, siyo likining'inia kwenye jeki, la sivyo mpira wa bushi unajinyonga na kuchanika. Litembee siku chache springi zikae, halafu alaimenti tena ndani ya wiki ile ile, na taa za mbele zirekebishwe. Baada ya kilomita 1,000 pima tena kashata mahali patatu. Hela ya alaimenti ya pili nayo iko humo. Bahili gani huyu?

Sharti langu ni moja tu lisilojadiliwa: kati ya siku ya springi na siku ya alaimenti, Mama haingii kwenye gari hilo. Alhamisi hiyo nitalipia teksi.

Mama, nimekusikia, na mtoto sijamnyima. Mjomba, nauli ya basi nakumbuka, Mungu akubariki. Na nyinyi wengine wenye magari, hata ambayo hayajashushwa, kabla hamjaanza kunijibu kwenye maoni hapo chini, nendeni nje na tochi mkachungulie upande wa ndani. Halafu mniambie mmeona nini.

Picha ya lile tairi langu la kushoto ninayo. Nilipiga usiku ule ule na nikaificha muda wote huu. Nimeiweka hapa chini, pembeni ya ile ya Oktoba. Ziangalieni zote mbili.

Nawasilisha. Tuko pamoja.